Msumari wa Mama Mkwe Wangu

Watu wa kwetu wakikuuliza kwa nini Drusilla aliendelea kumwamkia Nyakundi baada ya sisi wote kumfukuza, ujue jibu wanalo tayari. Wengine watakuambia alilishwa kitu. Wengine wenye midomo michafu watakuambia mambo mengine, na hao siwajibu, maana Drusilla ana miaka sitini na nne na goti bovu. Mimi nimekaa na huyo mwanamke miaka kumi na mmoja. Nyumba yake na yangu zinatazamana, tangi la maji ni moja, na akikohoa najua kama ni kikohozi cha moshi au cha hasira. Kwa hiyo nyamazeni kidogo niwaambie mimi, Sharon, niliyeolewa na mwanawe.

Drusilla alizaliwa kule juu Manga, akaolewa huku upande wa Ikonge akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Hili shamba la chai unaloliona walilipanda yeye na mumewe, marehemu Onsongo, mche kwa mche, yeye akiwa na mimba ya Masese wangu. Kanisani kwetu Wasabato ni shemasi, na Ijumaa jua likianza kuinama hukuti kwake hata kijiko kichafu. Akibishania bei ya kitu sokoni utamhurumia muuzaji. Nasema haya mapema kwa sababu kuna watu hudhani kwamba anayemtii mkandamizaji hana akili. Huyu akili anazo, tena za kuuza.

Sasa huyo Nyakundi. Banda letu la chai ni mabati juu ya nguzo nane, mizani imening'inia katikati, na kila siku ya kupima karani wa kiwanda huja na lori kuchukua majani. Nyakundi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya banda kwa miaka kumi na sita. Uchaguzi ulikuwepo, ndiyo, yeye mwenyewe akisimama mbele na kutazama nani ameinua mkono na nani hajainua. Kwenye boriti ndefu ya banda kila nyumba ilikuwa na msumari wake. Ukifika unatundika kikapu chako pale, na msumari wako ndio foleni yako. Wa kwanza uko karibu na mizani, wa mwisho uko kule mvua inakopigia. Aliyepanga misumari ni Nyakundi. Ukimpendeza alikusogeza mbele. Ukimuudhi alikurudisha nyuma, na majani yakingoja kwenye kikapu mpaka saa kumi na moja yananyauka, karani anayakataa, nawe unarudi nyumbani na jasho lako la siku nzima uende kulimwaga shimoni.

Na ukimuudhi kweli kweli, alikuwa na koleo mfukoni mwa koti. Aling'oa msumari wako mbele ya watu, akakuwekea mkononi, akakuambia neno moja tu, "Pumzika." Kupumzishwa kungeweza kuwa mwezi, kungeweza kuwa mwaka, na wakati wote huo chai yako inakua mpaka inakuwa miti, hakuna wa kuipima. Nimewaona wanaume wazima wenye ndevu wakilia kwa sababu ya msumari wa inchi tatu.

Lakini Onsongo alipofariki mvua ilikuwa imeharibu njia, na jeneza lilikwama Ikonge. Nyakundi alisimamisha upimaji siku nzima, akalishawishi lori la chai libebe maiti mpaka mlangoni. Baada ya matanga akausogeza msumari wa Drusilla kutoka wa thelathini na moja hadi wa nne. Wema huo sikatai. Mtu mbaya naye hutenda wema, tena yeye huutenda mchana watu wakiona. Kuanzia hapo Drusilla hakumtaja Nyakundi bila kusema kwanza Mwenyekiti.

Masese alikuwa na msumari wake, wa thelathini na mbili, aliopewa tulipooana. Mume wangu si mtu wa maneno. Lakini siku moja kwenye mkutano wa banda, miaka minne iliyopita, aliinua mkono akauliza kwa adabu kama haingewezekana misumari ipangwe kwa kura. Swali moja tu. Nyakundi alicheka, akasema ni swali zuri sana, akamwita mwanangu. Mimi nilikaa nyuma nikajua tumekwisha, kwa sababu sijawahi kumsikia Nyakundi akimwita mtu mwanangu kisha mtu huyo akabaki salama.

Siku mbili baadaye tulichuma kwenye ukungu. Wanaoishi huku wanajua ukungu wetu: unachuma majani kana kwamba unayatoa kisimani. Vikapu vyote pale bandani vilikuwa vikidondosha maji, kila kimoja. Nyakundi alipita mbele ya vikapu thelathini na kimoja asiviguse, akatia mkono katika cha kwetu, akainua konzi ya majani akaikamua. Akamwambia karani kwamba huyu kijana ametia maji ili kuongeza uzito. Karani ni Ombok, mtu wa kule ziwani, hajui lugha yetu, ndiyo maana mambo ya kuandikwa pale husemwa kwa Kiswahili. Ombok akasema kosa kama hilo haliandikwi bila shahidi. Nyakundi akageuka polepole, akamtazama mwanamke wa msumari wa nne.

"Mama Masese, wewe ni shemasi. Ulimwona mwanao akitia maji?"

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa Drusilla. Niliona tone likianguka kutoka kikapu chake mwenyewe, likaanguka na lingine. Alimtazama Masese, akatazama juu kwenye msumari wake. Binti yake wa mwisho alikuwa chuoni, na karo yake ilitoka kwenye chai ile ile.

"Nilimwona," akasema.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, husema watu. Basi mimi siku ile nilimtazama huyo mzazi nikatamani ardhi inifunike, kwa aibu yake na kwa aibu yangu mimi niliyenyamaza. Msumari wetu uling'olewa. Jioni Drusilla alikuja kwangu analia, akasema ni mwezi mmoja tu, Mwenyekiti amemwahidi, na kama angekataa tungepoteza misumari yote miwili. Ile hesabu niliielewa. Ningekuwa yeye, labda ningesema vivyo hivyo, na sitaki kujisifu hapa.

Mwezi ule haukuisha. Nyakundi alipeleka jina la Masese kwenye mabanda yote ya jirani, mwizi wa kutia maji, na hakuna aliyempokea hata kwa kibarua cha kuchuma. Mume wangu alivumilia majuma sita ya kuitwa mwizi na watoto wa shule. Siku aliyoondoka aliamka mapema akafua, akasafisha tangi, akalijaza maji kwa ajili yangu na ya mama yake, kisha akashuka kwenda Kisii. Mpaka leo anasukuma mkokoteni wa ndizi pale soko la Daraja Mbili. Akija kutuona huingia kwangu na kutokea kwangu, uwanja wa mama yake havuki. Siku alizokuja Drusilla alipika chakula cha watu wawili, na asubuhi niliona kuku wakikila.

Hapa ndipo mnapopaswa kunisikiliza. Juma la kwanza Drusilla alilia. Mwezi wa pili akaanza kusema labda kulikuwa na maji kidogo, nani ajuaye. Kufika Krismasi alikuwa ameona kabisa. Akawa anaisimulia ile habari kanisani, kisimani, popote, kwamba alimkuta Masese nyuma ya jiko na ndoo ya buluu akimwagia majani. Nilimsikia kwa masikio yangu akiieleza ile ndoo, mpaka mshikio wake uliovunjika. Sisi hatujawahi kuwa na ndoo ya buluu. Na kadiri ndoo ilivyozidi kuwa ya kweli, ndivyo Mwenyekiti alivyozidi kuwa mtu mwema. Akimnyang'anya mtu msumari, Drusilla alikuwa wa kwanza kusema huyo mtu lazima alikuwa na kosa.

Fujo zilikuja mwaka jana mwezi wa saba. Vijana walikuwa wameonja maandamano ya barabara za mjini mwaka uliotangulia, walirudi na macho mengine, lakini si wao walioanza. Aliyeanza ni Kemuma, mjane wa miaka sabini na kitu, mfupi kama kinu. Mjukuu wake alikuwa ameandika kitu kwenye simu kuhusu Mwenyekiti, basi Mwenyekiti akaja na koleo. Akang'oa msumari wa bibi, akamwekea mkononi. Kemuma hakuufumba mkono. Msumari ukaanguka. Naye akajikunja, akakaa chini kwenye tope, pale pale chini ya mizani.

"Umesema nipumzike," akasema. "Napumzika."

Mwanamke mmoja akacheka, akakaa naye. Wa pili akakaa. Mimi nilikuwa wa tano au wa sita, na nawaambia tope lile lilikuwa tamu. Kufika saa tisa tulikuwa wanawake zaidi ya mia tumekaa, lori haliwezi kuingia, Ombok amejifungia ndani ya gari na vitabu vyake. Wanaume wakaja, vijana wakaja. Mtu akatia mkono mfukoni mwa Nyakundi akatoa lile koleo, na wakang'oa msumari wa kwanza, wake mwenyewe, wakampa. Aliandika barua ya kujiuzulu kwenye karatasi ya daftari la mtoto. Hakupigwa, ila mtu alimpokonya kofia. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikaenda.

Ni mtu mmoja tu aliyekuwa bado amesimama, Drusilla, chini ya msumari wake wa nne, kikapu mkononi. Nyakundi alipopitishwa mbele yake, kichwa wazi, tope mpaka magotini, alimwambia, pole Mwenyekiti. Watu wote walisikia, nami nilijifanya simjui.

Baada ya hapo wapambe wote wa Nyakundi walibadilika kama hali ya hewa. Wale waliokuwa wakimbebea kiti ndio waliomtukana zaidi. Drusilla peke yake, kila Jumanne, alikata ndizi, akajitwika, akapita katikati ya njia kuu mchana watu wakiwa wamejaa, akaenda kwa Nyakundi akamfagilia uwanja. Vijana walimzomea. Siku moja walimwaga kikapu chake. Jioni nyingine jiwe likaanguka juu ya mabati yake, na watoto wangu wakajificha chini ya kitanda kwa sababu mwenye kutupa jiwe gizagiza hachagui nyumba. Niliogopa, tena niliogopa kwa hasira. Nilimwambia atatuchomea nyumba. Akanijibu kwamba mtu hatupwi kwa sababu ameanguka, na akaninyamazisha kwa habari ya jeneza na lori.

Kisha likaja jambo lenyewe. Kamati mpya iliongozwa na Mokua, kijana mwenye diploma na hasira nyingi. Walipiga kura ya misumari, wakawarudisha wote waliopumzishwa. Lakini walioandikwa kuwa wezi walikuwa kumi na wawili, na hao majina yao yako kwenye kitabu cha kiwanda. Ombok akasema hawezi kufuta jina mpaka shahidi aliyesema aje aseme mbele ya watu, kwa mdomo wake, kwamba hakuona. Mashahidi kumi na mmoja walikuja mbio. Wengine walikuwa wakicheka hata, wakisema walilazimishwa. Kumi na mmoja wakafutwa. Akabaki Masese. Mokua akaweka Jumapili moja ya mwisho, kwamba baada ya hapo kitabu kinafungwa na asiyefutwa hafutwi tena. Nilimpigia Masese simu nikamwambia aje. Akaniuliza kama mama anajua. Nikamwambia atajua.

Ijumaa, kabla ya Sabato kuingia, nilivuka uwanja nikamkuta Drusilla jikoni akichambua mboga. Sikukaa. Nilisema yote niliyokuwa nimeyaweka miaka mitatu. Nilimwambia kwamba neno lake moja litamrudisha mwanawe nyumbani, na lisiposemwa watoto wangu watakua na baba wa kuwatembelea tu. Nilimwambia vijana wameapa kwamba akimtetea Nyakundi tena watang'oa chai yake mizizi na yote. Alianza habari ya jeneza. Nikamkatiza, kitu ambacho mke wa mtu hamfanyii mama mkwe wake, nikamuuliza ndoo ya buluu iko wapi. Anionyeshe. Niko tayari kuingia chini ya kila kitanda.

Mikono yake ikasimama juu ya mboga. Nilidhani atanifukuza.

"Sharon," akasema, sauti ndogo sana, "kama Nyakundi alikuwa mwongo, mimi nilimfukuza mwanangu kwa nini?"

Nilikuwa nimekwenda na magomvi ya kutosha kujaza gunia, na yote yakanitoka. Nilisimama pale kama mtu aliyetumwa kitu dukani akasahau. Sikuwa nimewahi kulitazama kutoka upande huo. Alikuwa akimfagilia Nyakundi uwanja kama mtu anayeshikilia ukuta wa nyumba yake usianguke akiwa ndani. Nilimhurumia, na nilikasirika kwamba namhurumia. Nikatoka bila kuaga.

Jumapili banda lilijaa mpaka watu wakapanda kwenye kingo za barabara. Masese alikuja na shati jeupe ambalo sikulijua, amekonda, mikono imekuwa migumu ya kusukuma. Aliwasalimia wazee, akasimama kando yangu. Mama yake alikuwa ng'ambo, kwenye benchi peke yake, na gauni lake la ushemasi. Watu walikuwa wameacha nafasi pande zote mbili za benchi. Vijana watatu walisimama nyuma yake, mmoja anachezea lile koleo la Nyakundi, fungua funga, fungua funga. Mwingine alikuwa ameshika jembe. Hakuna aliyewauliza jembe la nini bandani.

Ombok alifungua kitabu. Mokua akamwita Drusilla asimame, akamuuliza kwa Kiswahili, ili jibu liandikwe: siku ile, alimwona mwanawe Masese akitia maji kwenye majani, ndiyo au hapana?

Alisimama. Alifungua mdomo akaufunga. Mtu akapiga kelele aseme. Mwingine akamwita mama mwenye kuuza watoto, na hapo kelele zikapanda, na yule mwenye koleo akainua mkono akakishika kichwa cha msumari wa Drusilla, akangoja. Drusilla alimtazama Masese. Sijawahi kuona uso kama ule kwa mtu mzima. Alikuwa anaomba, lakini sidhani alijua anaomba nini. Akisema hapana, yeye ndiye aliyemfukuza mwanawe bure mbele ya watu mia tatu. Akisema ndiyo, jembe lilikuwa pale. Nilikuwa nimemshika Masese mkono, na nilihisi unatoka.

"Nilitia maji," Masese akasema. "Mwacheni mama yangu. Alisema alichokiona."

Mokua alimuuliza kama anajua anachosema. Masese akasema anajua. Akaongeza kwamba ilikuwa kwa ndoo, ndoo ya buluu. Nilitaka kupiga kelele, nilikuwepo, nilichuma naye kila jani la siku ile, lakini alinitazama mara moja tu na ulimi wangu ukakwama. Ombok akaandika. Akapuliza wino, akafunga kitabu. Yule kijana akaachia msumari, maana sasa angekuwa anang'oa msumari wa mwanamke aliyesema kweli, na wenzake wakaondoka wakitema mate, mmoja wao akisema tumepoteza Jumapili kwa ajili ya mwizi.

Drusilla akakaa chini. "Mmesikia," akasema, si kwa sauti kubwa. Haki ya Mungu, nilitaka kumuuma.

Masese hakulala nyumbani. Nilimsindikiza mpaka kwenye pikipiki, njia nzima nikimtupia maneno, na mengine sitayarudia hapa. Nilimwambia amejizika akiwa hai. Alisubiri nimalize.

"Ningemwacha aanguke mbele ya watu wale," akasema, "ningerudi nyumbani kwa nani?"

Akapanda akaenda. Jina lake liko kwenye kitabu mpaka leo, na majani yangu yanapimwa kwa msumari wa mama mkwe.

Sasa sikilizeni. Jumanne iliyofuata nilingoja nione Drusilla akipita na ndizi zake. Hakupita. Jumanne ya pili hakupita. Mkungu aliokuwa ameukata ukaning'inia jikoni mpaka ukaiva, ukaoza, nikautupa mimi. Nyakundi alimtuma mtu kuuliza kama anaumwa, akajibiwa kwamba ana kazi. Kanisani wakashangilia, wakasema amefunguka macho. Mimi nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Hakuna macho yaliyofunguka. Miaka mitatu alihitaji Nyakundi awe mwema ili ile ndoo iwepo. Sasa mwanawe mwenyewe ameapa kwamba ndoo ilikuwepo. Nyakundi wa nini tena?

Nilimchukia kwa miezi miwili. Tulichota maji tangi moja bila kusemezana zaidi ya habari ya asubuhi.

Kisha mwezi wa kumi ukungu ukarudi. Nilikuwa nachuma mapema, majani yote yamelowa, mikono imekufa ganzi. Nikamsikia nyuma yangu akija na lile goti lake. Alisimama kando ya kikapu changu, akatia mkono, akainua konzi ya majani, akaikamua polepole kama alivyofanya Nyakundi siku ile. Maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Ni umande tu," akasema.

Nikaendelea kuchuma. Akasema tena, ni umande tu, Sharon, ulikuwa umande. Halafu akaniomba nimwambie Masese. Hapo niligeuka. Nilimwambia kwa upole, na upole si desturi yangu, kwamba mimi sikusema uongo ule kwa hiyo siwezi kuufuta. Anajua Daraja Mbili iko wapi. Akafuta mkono kwenye leso, akaniuliza soko la kule huwa siku gani, yeye mtu aliyeuza ndizi pale kabla mimi sijazaliwa. Nikamwambia Jumatatu na Alhamisi, kama zamani.

Alhamisi alivaa gauni la kanisani, akatembea mpaka steji ya pikipiki ya Ikonge. Nilijua kwa sababu mwenye pikipiki aliniambia. Alikaa kwenye benchi la duka. Wakamwita, mama twende, akasema bado kidogo. Adhuhuri akarudi nyumbani, akaniambia chai haijaisha kuchumwa. Alhamisi iliyofuata akaenda tena, akakaa, akarudi. Ya tatu alipanda kabisa, wakaenda mpaka mteremko wa kwanza, akasema ashushwe, kichwa kinamzunguka. Amekwisha kwenda Alhamisi sita. Mwanzoni nilimcheka na watu. Nimeacha, kwa sababu nimeona anavyorudi, anavyoliegemea tangi kabla hajaingia ndani.

Kesho ni Alhamisi. Nimefua gauni langu la buluu, nimewaachia watoto chakula kwa Kemuma. Mwenye pikipiki nimemwambia tutakuwa wawili. Drusilla atakaa katikati, mimi nitakaa nyuma nimshike kiuno, na mpaka tufike Daraja Mbili, kichwa kizunguke kisizunguke, hashuki mtu.